Gemu ya Po-jen na Usingizi wa Yu-fen

Treni ya asubuhi inaanzia Keelung, kwa hiyo sisi wa Keelung tunapata viti, na tukishavipata tunavishikilia kama tumerithi. Wanaopandia Badu na Qidu wanasimama mbele yetu na miavuli inayochuruzika, nasi tunajifanya hatuwaoni. Mimi nimekuwa nikikaa behewa la tatu miaka mingi, nashukia Songshan, mahali lilipo duka langu la miwani. Mkabala na mimi, benchi la upande wa pili, walikuwa wakikaa Teng Po-jen na mkewe Yu-fen. Hatukuwa marafiki. Tulikuwa tunatikisiana vichwa tu, basi.

Yu-fen alikuwa anakaa kushoto kwa mumewe. Kabla treni haijatoka kwenye handaki la kwanza, kichwa chake kilikuwa tayari kwenye bega la Po-jen na mdomo umefunguka kidogo. Po-jen alikaa wima, mikono magotini, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Siku moja chafya ilimshika karibu na Wudu. Aliizuia mpaka machozi yakamtoka, lakini bega halikutikisika.

Nilidhani ni mahaba tu. Baadaye nikaja kujua kwamba mama yake Po-jen, wanayeishi naye, amepoteza kumbukumbu. Mchana anaangaliwa na dada wa kulipwa. Usiku anaamka, anavaa viatu vya mpira, anataka kwenda mnadani kuchukua samaki, kazi aliyoiacha zamani. Anayeamka kumzuia ni Yu-fen, kwa sababu bibi akimwona mwanawe gizani anapiga ukunga kwamba kuna mwanaume ameingia ndani. Kwa hiyo Yu-fen alikuwa analala kwenye treni, na sehemu ya Po-jen katika kumlea mama yake ilikuwa ni lile bega.

Baada ya sikukuu za mwaka mpya, Po-jen alipanda na kimfuko cheusi kipya. Akakifungua taratibu, kama anafungua kitu chenye uhai.

"Ndiyo hiyo?" Yu-fen aliuliza.

"Ndiyo yenyewe. Hebu shika."

Yu-fen aliishika kwa mikono miwili. Ilikuwa gemu ya mkononi, zile za siku hizi, kioo kikubwa katikati na vitufe pande zote mbili. "Nzito," alisema. "Kama chupa ya mchuzi wa soya."

"Kitu cha maana lazima kiwe na uzito."

"Na upana wote huu? Utachezea wapi, mapajani mwa watu?"

"Viwiko nabana. Tazama, hivi."

Alibana viwiko. Alionekana kama kuku aliyefungwa kwa ajili ya kuchemshwa. Yu-fen alicheka, akairudisha, akaegemea. Po-jen akaiwasha.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa kijana mwenye mwavuli anayepanda mnara unaobomoka. Niliuona kwenye kioo cha dirisha nyuma yake kila tulipoingia handakini. Nilivyoona mimi, kijana anaruka, jiwe linadondoka, kijana anadondoka nalo, anaanza tena. Po-jen aliuma ulimi. Handaki lilipoisha mwanga ukaja kutoka upande wa mto, naye akaanza kuigeuza gemu huku na huku.

"Vipi?" Yu-fen aliuliza, macho yamefumbwa.

"Ndani ya handaki picha ni safi kabisa, kama unaweza kuingiza mkono. Ila huku nje naona pua yangu tu."

"Pole. Sasa tulia."

Po-jen alikuwa na maoni mengine, akayatoa siku iliyofuata na iliyofuata tena, nusu akimwambia mkewe, nusu akijiambia mwenyewe. Vitufe vya kulia ni laini, vya juu vina kelele. Mgongo wa kidude unapata joto, na kwa baridi ya Keelung hilo ni jambo jema. Chaji haifiki jioni. Hedifoni zake zinaingia vizuri, lakini jana nusura apitilize kituo kwa kutosikia tangazo. Kwa jumla alikuwa ameridhika. Alisema hajawahi kufika kazini akiwa na furaha namna hiyo. Kazi yake ni kupokea simu katika kampuni ya lifti, na wanaopiga ni watu waliokwama.

Yu-fen hakuwa ameridhika. Kila asubuhi alianza kuegemea, na kila asubuhi alinyanyua kichwa kabla hatujafika Qidu.

"Bega linacheza."

"Sichezi kwa bega. Nacheza kwa vidole."

"Basi vidole vyako vinaanzia shingoni."

"Nitachagua sehemu rahisi."

Alichagua sehemu rahisi. Kwa muda kidogo kijana mwenye mwavuli alitembea polepole, lakini minara haijengwi kwa ajili ya watu wanaotembea polepole. Likaanguka jiwe, bega likaruka, kichwa cha Yu-fen kikaruka nalo.

Alhamisi moja walisemezana. Waliteta kwa sauti ya chini, lakini behewa letu si kubwa.

"Yu-fen, hebu nielewe. Kuanzia nikiingia ofisini ni kelele za watu. Nikirudi nyumbani ni mama. Hii safari ya treni tu ndiyo yangu."

"Na yangu je?"

"Wewe unalala!"

"Ndiyo, nalala. Unadhani nalala kwa starehe?"

Abiria waliosimama mbele yao walitazama matangazo juu ya mlango kwa makini.

Kesho yake walipanda pamoja kama kawaida, lakini Yu-fen alivuka akaja upande wangu.

"Mzee, hapa pana mtu?"

"Hapana. Karibu."

Alikaa, akapakata mkoba, akamtazama mumewe ng'ambo. Po-jen aliinua nyusi, akangoja kidogo, kisha macho yakarudi chini. Wakapanda watu wa Badu, wakapanda wanafunzi wa Qidu, wakasimama katikati yetu kama pazia. Tulikuwa bado hatujaondoka Qidu wakati kichwa cha Yu-fen kilipoanza kuyumba. Kiliyumba kwenda mbele, kikarudi, kikatafuta kushoto ambako palikuwa na chuma cha mlango, kisha kikaja kulia. Kikatua kwenye bega langu.

Nywele zake zilinukia mafuta ya mnanaa, yale ya kuchua maumivu ya shingo. Mimi ni mjane wa siku nyingi na sikumbuki mara ya mwisho nilipobebeshwa kichwa cha mtu. Ni kizito kuliko unavyodhani. Nilifikiria kumgusa nimwamshe, nikatazama uso wake, nikaacha.

Wanafunzi waliposhuka Baifu, pazia likafunguka. Po-jen aliinua macho, labda kumtazama mkewe tu, labda kuona tumefika wapi. Alinitazama mimi kwanza. Kisha akatazama bega langu. Kijana mwenye mwavuli lazima alidondoka, maana gemu ilitoa mlio na Po-jen hakuiangalia.

Akasimama. Hapo hapo mama mmoja mwenye mafurushi ya mboga akakaa kwenye kiti chake. Po-jen akaja mbele yangu, mkono mmoja umeshika mpini wa juu, mwingine umeshika gemu.

"Samahani, mzee. Huyo ni mke wangu."

"Najua. Nawaona kila siku."

"Basi ungemwamsha."

"Mwamshe wewe. Ni wako."

Alinyoosha mkono, akaurudisha. Yule mama wa mboga akamwambia kutoka ng'ambo: "We baba, mwache mwenzio alale! Huoni alivyochoka?"

Mtu wa kulia kwangu alishuka Wudu, Po-jen akaketi pale. Sasa tulikuwa watatu kwenye mstari mmoja, na mimi katikati kama ukuta wa mpaka. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeijua kazi yake:

"Limeanza kufa ganzi?"

"Limeanza."

"Tukifika Xizhi litawaka moto. Usilishushe, mzee. Ukishusha kidogo tu anaamka. Pumua kwa tumbo, si kwa kifua."

Nikapumua kwa tumbo. Kweli ilisaidia.

"Shika hii," akasema, akaniwekea gemu mkononi. Nadhani aliona aibu na hakuwa na kitu kingine cha kunipa. "Itakusahaulisha bega. Bonyeza hapo anaruka, hapo anafungua mwavuli."

Sikuwa nimewahi kushika kitu kile. Ilikuwa na joto la kikombe cha chai, na rangi zake nzuri mno, nzuri kuliko chochote kilichokuwa nje ya dirisha siku ile. Maandishi yalikuwa madogo; aliyeyachagua ana macho ya miaka ishirini. Nikabonyeza, kijana akaruka. Nikabonyeza tena. Nakiri kwamba nilitaka afike kwenye ukingo wa pili. Nilitaka sana, na nilishangaa kuona nataka.

"Mzee," Po-jen aliita polepole. "Simamisha kidogo."

Nilidhani nimeharibu kitu. Lakini hakuwa anatazama gemu. Alikuwa ameinama mbele, anamtazama mkewe kwa kupita kifuani mwangu.

"Bonyeza tena."

Nikabonyeza.

"Tena."

Kila nilipobonyeza, ngozi kati ya nyusi za Yu-fen ilijikunja. Hakuwa anaamka. Alikuwa anavumilia, huku amelala. Kwa miaka yote ile Po-jen alikuwa na kichwa kile chini ya kidevu chake, akiona utosi tu. Uso wa mkewe akiwa amelala kwenye treni alikuwa hajauona, na mimi wa ng'ambo nilikuwa nauona kila asubuhi.

Alichukua gemu mkononi mwangu, akaizima. Tulipofika Xizhi, bega liliwaka moto kama alivyosema.

Baada ya Nangang ilinibidi nijiandae kushuka. Tulipanga kwa ishara za macho: mimi niinuke taratibu, yeye aingize bega lake papo hapo. Tulijaribu. Yu-fen aliamka.

"Tumefika?"

"Bado," Po-jen alisema.

Yu-fen aliangalia bega langu, akaona alama ya mate kwenye koti, akashika mdomo. "Mama yangu! Mzee, nisamehe. Nisamehe sana." Akatoa kitambaa, akaanza kunifuta kama mtoto. Nikamwambia koti lenyewe ni la zamani. Kisha akamgeukia mumewe.

"Na wewe umekaa hapo unatazama?"

"Nilikuwa nangoja zamu yangu."

Mama wa mboga alicheka, na wengine wawili watatu. Yu-fen hakucheka. Hakukasirika pia. Alikunja kile kitambaa mara mbili, akakirudisha mkobani.

"Po-jen, bega lako baki nalo," alisema. "Mimi nataka usiku. Nipe usiku nilale kitandani, halafu asubuhi cheza mpaka vidole vikatike."

Milango ikafunguka Songshan, nikashuka.

Yaliyofuata niliyapata kwa Po-jen mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye jukwaa la Keelung, wakati Yu-fen amepanga foleni ya tonge la wali na maziwa ya soya. Usiku wa kwanza aliposhika zamu, mama yake alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Usiku wa pili ilikuwa hivyo hivyo, na Yu-fen alilazimika kuamka. Usiku mwingine, Po-jen akiwa hana mbele wala nyuma, alisimama mlangoni akamuuliza mama yake: "Bibi, ngisi leo unauzaje?"

Mama akanyamaza. Akamtazama vizuri. Akataja bei ya miaka ya nyuma.

"Ghali sana," Po-jen akasema.

"Ghali? Nenda basi ukavue mwenyewe, mvivu wewe!"

Wakavutana bei hadi bibi akachoka, akasema mzigo umekwisha, akavua viatu akarudi kulala. Tangu hapo ndivyo wanavyofanya. Po-jen anasema anauziwa ngisi usiku mara tatu kwa wiki, na kwamba hajawahi kuongea na mama yake kwa muda mrefu kiasi hicho tangu aoe. Alisema hilo akitazama reli, kisha akaniuliza kama nadhani mvua itakata.

Asubuhi baada ya zamu zake, ni yeye anayelala kwenye treni, na anaegemea chuma cha mlango. Alijaribu bega la mkewe mara moja. Yu-fen alimsukuma.

"Mabega yangu si ya kukodisha," alimwambia.

Asubuhi nyingine, kama bibi hakuamka, Po-jen anacheza, na Yu-fen anakula tonge lake na kutazama mto. Wanaweka mkoba katikati yao ili viwiko vyake vipate nafasi. Jioni Po-jen anarudi peke yake, amesimama, na anasema kwa kusimama gemu ile haifai hata kidogo: mkono mmoja lazima ushike mpini, na mkono mmoja hautoshi kufungua mwavuli. Amewahi kutaja kuiuza. Juzi alikuwa bado anayo, na amefika ghorofa ya saba ya ule mnara.