Kioo Kikubwa cha Dada Salama

Sisi watu wa Shume tuna kisingizio kimoja kwa kila kitu: ukungu. Nguo hazijakauka, ukungu. Mtoto kachelewa shule, ukungu. Lori la karoti limelala mtaroni na dereva ananuka pombe, bado ni ukungu. Kwa hiyo dada yangu Salama aliponipigia simu kusema kompyuta ya ofisini kwao imeingia ukungu na kioo kimepauka, sikushangaa hata kidogo. Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda changu Lushoto mjini, na mashine za kutoka Shume hunifikia zina unyevu hadi najiuliza kama huwa wanazifua.

Dada Salama alikuwa katibu wa chama cha wakulima wa mboga. Yeye ndiye aliyeandika nani kaleta viazi, nani kabichi, na lori limeondoka na nini. Mama yetu alipofariki ni yeye aliyenilea, na hadi leo nikimpa shikamoo huwa nainama kidogo bila kujijua. Dada akisema kioo kimepauka, basi kimepauka. Mimi wa kumbishia dada sijazaliwa.

Nikapanda kuifuata. Wakati wa kuondoka, Mzee Abrahamu, mwenyekiti wa chama, alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Mwanangu Nassoro, makosa yamezidi. Mzigo wa huyu unaandikwa kwa jina la yule. Watu wananung'unika. Nimewaambia ni mashine, wamekubali tuchange tupate nyingine, ingawa hela yenyewe ni ya kuungaunga. Sasa na hiyo mpya makosa yakiendelea, sitakuwa na la kuwaambia. Itabidi tuweke mtu mwingine."

"Mbovu ni mashine, mzee," nilisema. "Nitawaundia nzuri."

Nilivyosema ungedhani nina kiwanda. Nilipofika kibandani nikaifungua. Mazabodi, lile bao kuu la ndani, ilikuwa imeota kutu, hapo unyevu ulikuwa umefanya kazi yake kweli. Lakini nilipoitia diski yao kwenye mashine yangu na kuunganisha kioo, kiliwaka vizuri tu, kikaleta orodha ya chama. Nikakifuta, nikakiongezea mwanga, nikabadilisha waya. Kilikuwa kizima. Efrazia, jirani yangu anayeuza matunda, alisimama mlangoni na beseni lake la plamu, na kutoka pale pale akasoma kwa sauti: "Karoti. Viazi. Kabichi. Heh, kumbe nyie Washume mna biashara!"

Nilikuwa namkumbuka dada akimimina chai hadi ikajaa sahani, nasi tukacheka. Nilimkumbuka akimkaribisha mgeni mlangoni kwa jina la mtu mwingine, na mgeni mwenyewe akisema si kosa lako mama, leo ukungu mzito. Nyumba nzima na ofisi nzima tulikuwa tumekubaliana kwamba ni ukungu, na dada alituacha tuamini hivyo.

Nikampigia Sharifa, binti yake. Nikasikia kwanza anafunga mlango.

"Mjomba, mama alinikataza kusema. Tulikwenda hospitali. Ni presha ya macho, ilikaa muda mrefu bila kujulikana. Wamesema kilichopotea hakirudi. Wamempa matone ya kulinda kilichobaki."

"Na kilichobaki ni kiasi gani?"

"Hasemi. Anasema chama kikijua tu, amekwisha. Mjomba, usimwambie kwamba nimekwambia."

Nililia pale kwenye kiti changu cha ufundi, mchana kweupe, wateja wanapita. Kisha nikajiambia, maadamu kuna kilichobaki, nitakitafutia kioo.

Ukipewa hela kidogo uunde kompyuta ya ofisi, kawaida unaanza na mazabodi na prosesa, unaweka ram ya kutosha, diski isiyo mzigo, pawasaplai ambayo haitakulipukia, halafu kinachobaki ndicho unachonunulia kioo, hata kiwe kidogo namna gani. Ndivyo ninavyowashauri wote. Safari hii niligeuza. Nilianza kwa kutenga hela ya kioo, kikubwa kuliko vyote nilivyowahi kuuza, na vilivyosalia nikavikata kimoja baada ya kingine. Prosesa nikachukua ya mtumba, ya zamani, yenye mwendo wa kobe. Ram nikachomoa kwenye mashine ya mteja aliyeniachia akahamia Tanga. Boksi likabaki lile lile la zamani, nikalikwangua kutu na kulipiga rangi. Feni nikaisafisha kwa mswaki. Ilikuwa na kelele, nikasema itavumiliwa. Kibodi tu ndiyo nilinunua mpya, yenye herufi kubwa za njano.

Dada naye hakuniacha. Alipiga simu kila alipopata nafasi, anauliza kama mkaguzi.

"Umeweka prosesa gani?"

"Nzuri, dada."

"Nzuri ndiyo jina lake? Nassoro, nataka yenye nguvu. Kioo weka chochote, mimi sijali kioo."

"Nimepata kimoja kikubwa kwa bei ya kutupa," nilidanganya. "Ningekiacha ningeonekana mjinga."

Alicheka, akanitania kwamba tangu utotoni nilipenda vitu vikubwa nisivyoweza kuvibeba. Akaingia kwenye Kishambaa, akaniuliza kama nakula vizuri. Tulizungumza kila kitu isipokuwa macho. Mara mbili tatu nilitaka kuliingiza, likanikwama. Naye pia, naamini, lilimkwama.

Bei ya kutupa haikuwepo, bila shaka. Kioo kikubwa cha kulingana na mchango wa wakulima hakikupatikana Lushoto, wala Tanga sokoni. Nilimsihi muuzaji, nikasubiri mzigo mwingine, nikaletewa kilichopasuka, nikasubiri tena. Viazi vilivyokuwa na maua nilipoanza kutafuta vilikuwa vimeshachimbwa nilipokipata. Sikuuliza Sharifa habari za matone. Niliogopa jibu.

Siku niliyokipeleka Shume kulikuwa kweupe, mbingu imefunguka hadi unaona miti ya msitu mmoja mmoja. Dada alinipokea mlangoni mwa ofisi na kitenge chake kipya. Alinisikia kwanza, ndipo akatabasamu. Nikampa shikamoo, akaniwekea mkono kichwani kama zamani. Mzee Abrahamu alikuwa ameshafika, amesimama nyuma na kofia mkononi, anasubiri kuona hela za watu zimefanya nini.

Nikapanga vitu mezani, kioo kikiangalia dirisha. Nikaunganisha waya zote, ukabaki wa umeme. Nikamvutia dada kiti.

"Kaa hapa, dada, nione kama urefu unakufaa."

Akakaa. Jua la dirishani lilikuwa limeangukia kioo chote. Akaegemea mbele, akakunja uso kidogo, kisha ukamfunguka.

"Mashallah! Mzee Abrahamu, njoo uone. Hiki ndicho kioo sasa. Herufi zote naziona, hata hizi ndogo za chini. Nilisema mimi kwamba ni mashine!"

Mzee Abrahamu akasogea. Akaangalia kioo, kilikuwa cheusi, mna vivuli vyetu watatu tu ndani yake. Akaangalia plagi iliyokuwa mkononi mwangu. Kisha akaniangalia mimi.

"Hapa pameandikwa karoti," dada aliendelea, kidole chake kikitembea juu ya kioo. "Hapa viazi. Sasa nani atasema nakosea?"

Sikujua la kufanya. Kumwambia nisingeweza, na kumwacha aendelee mbele ya mwenyekiti wake nisingeweza pia. Nikafikiri, kioo kikiwaka kwa nguvu zake zote, huenda akaziona herufi kweli. Nilifikiri hivyo kwa sababu nilikitafuta kwa muda mrefu. Nikainama nikachomeka, nikabonyeza kitufe.

Kioo kikawaka cheupe, kikampiga mwanga usoni. Hakupepesa macho. Kidole kiliendelea kutembea, "na hapa kabichi, hapa..."

Ndipo feni ikaanza kunguruma ndani ya boksi.

Kidole kikasimama pale kilipokuwa. Dada aliisikiliza ile feni, kisha akaushusha mkono taratibu akaulaza mapajani.

"Nassoro," aliniita kwa sauti ndogo, "kwani ulikuwa hujaiwasha?"