Jini Ajuaye ya Moyoni

Kwa msimu mzima hapakuwa na habari nyingine, Tandika wala Mikocheni, ila kitabu kiitwacho *Kasri la Lulu Nyeusi*. Hadithi ya Nuria, binti mfinyanzi, na Zabarjadi, mwana wa mfalme wa majini, ilisifiwa mitandaoni mpaka watu wasiosoma hata bango la duka wakawa na maoni. Na sifa zote ziliishia pale pale: Zabarjadi hujua yaliyo moyoni mwa mpenziwe kabla hayajatamkwa. Wanawake walilia, wakayapiga picha machozi yao, wakayarusha. Najma alikinunua mapema, akakifungia kabatini bila kukifungua, na kila aliyejaribu kumsimulia alifukuzwa mlangoni. Alikuwa akikihifadhi kwa siku moja tu, siku ya kupakwa hina.

Siku yenyewe ikafika, Alhamisi asubuhi. Najma, mwali wa kuolewa kesho yake baada ya Alasiri, alikaa mkekani chumbani kwa mama yake. Mbele yake aliketi Bi Mwamvita, somo wake, aliyemfunda tangu avunje ungo na asiyekubali mwali wake apakwe hina na mtu mwingine. Mwenye hina mikononi hashiki kitu. Hata nzi akimtua puani hana la kumfanya. Basi msomaji alikuwa Vaileth, mtoto wa Tukuyu mwenye sauti ya kuita wateja, mwenzake Najma kwenye kibanda chao cha kutengeneza simu.

Kibanda hicho ndicho kilichokuwa kikimnyima Najma usingizi. Alikipenda. Simu iliyotumbukia chooni na kukatiwa tamaa na ukoo mzima, yeye aliifungua, akaikausha, ikaita. Lakini siku ya posa mama yake Khalil, mchumba wake, watu wenye maduka kule Mikocheni, alitamka mbele ya wanawake wote kwamba mke wa mwanawe hakai vibandani. Khalil aliyasikia, maana alikuwa mlangoni na sinia la halua mkononi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Akaweka sinia, akaenda zake.

Kila mtu anajua kwamba sharti huwekwa kabla ya ndoa kufungwa. Baada ya hapo linakuwa ombi, na ombi hujibiwa mtu akipenda. Najma alilijua hilo vizuri, ila alijipa moyo: anayenipenda atajua mwenyewe. Si hata kitabu kinasema? Alitaka tu kuona Zabarjadi anajuaje, na akishajua anafanya nini.

Vaileth akasoma. Sura ya kwanza ilikuwa macho ya Zabarjadi, ya kijani. Sura ya pili, macho tena. Hina ya mkono wa kulia ilikwisha kuchorwa na macho bado yanaelezwa.

"Ana macho mangapi huyo?" aliuliza Bi Mwamvita.

"Mawili, bibi. Ila yanang'aa sana."

"Nuria anataka nini?" Najma aliuliza.

Vaileth akafunua kurasa. "Hapa. 'Zabarjadi aliuweka mkono wake juu ya moyo wa Nuria, akayajua yote.'"

"Yote yapi?"

"Hayajaandikwa."

"Na vyungu vyake? Si mfinyanzi?"

Vaileth alitafuta mbele, akarudi nyuma, akalamba kidole, akatafuta tena. "Vyungu sivioni. Tangu ameingia kasrini anavaa lulu, anatazama dirishani."

"Nenda mwisho," alisema Najma. Mikono yote miwili ilikuwa imeshapakwa, ameinyanyua hewani.

"'Na tangu siku ile Nuria hakuhitaji tena kusema neno lolote.' Basi. Imekwisha."

Najma alikasirika hasa. Alikasirikia mwandishi, alikasirikia waliolia, na zaidi alijikasirikia mwenyewe kwa kuifungia ahadi hiyo kabatini kana kwamba ni hirizi. Hawa ndio walioitwa wapenzi wa karne, na hawajaulizana hata swali moja!

"Mie marehemu mume wangu," alisema Bi Mwamvita, "hata jino likiniuma, nisipomwambia alikuwa ananiletea miwa."

Akanyoosha mkono auvute mguu wa mwali. Najma akaukunja.

"Miguu bado, somo. Vaileth, nipigie Khalil. Weka spika."

"Mwali hampigii bwana harusi!" Bi Mwamvita alishtuka. "Una neno, nitume mie. Ndiyo kazi ya somo."

"Ukienda wewe, somo wangu, atakujibu mama yake."

Vaileth akabonyeza jina. Simu ikaita.

"Khalil, ni mie."

"Najma? Kuna nini? Si hatutakiwi kuzungumza mpaka kesho..."

"Najua. Mama yako alisema siendi tena kibandani. Wewe ulinyamaza. Unasemaje?"

Huko kwa Khalil kulisikika watu wakiburuta viti. "Mie nilidhani unajua ninavyofikiri," alisema.

"Sijui. Mie si jini."

"Mie sina neno, Najma. Fanya kazi yako."

"Basi nalitaka liwe sharti, lisemwe kesho mbele ya shehe. Na mama yako asilisikie kwa shehe, alisikie kwako."

"Nitamwambia jioni."

"Mwambie sasa. Nipo hapa hapa, na miguu yangu haijapakwa."

Aliyasema kwa sauti iliyonyooka. Ila alimpenda Khalil. Akikataa, harusi imekufa, na hina ya mikononi haitoki kwa maji. Tandika nzima ingeitazama mpaka ififie yenyewe. Hata hivyo hakuyarudisha maneno. Vaileth aliishika simu kwa mikono miwili, na Bi Mwamvita akasogea sikio likae karibu, yeye aliyesema haifai.

Wakasikia hatua, mlango, kisha sufuria jikoni.

"Mama."

"Nini tena? Wageni wanaingia."

"Najma ataendelea na kazi yake pale kibandani."

Sufuria zikanyamaza. "Nani kasema?"

Khalil alikaa kimya, na Najma aliujua ukimya ule, ulikuwa ule ule wa siku ya sinia. Hakumsaidia.

"Kasema yeye," alisema Khalil. "Na mie nimekubali."

Bi Mwamvita akavuta bakuli la hina, akaupigapiga mkeka. "Lete mguu," alisema, "kabla haijakauka."