Mafaili Pacha

Mwaka 1998 nilikuwa nimetimiza miaka ishirini na sita nikitunza masjala ya ofisi ndogo ya afya ya kanisa, pale Mkuyuni. Kazi yangu ilikuwa barua: kuipokea, kuipa namba, kuiweka kwenye jalada lake. Barua ikija na nakala zake za kaboni, nilitunza ile ya juu na nakala nikazichoma nyuma ya ofisi. Ndivyo nilivyofundishwa nilipoanza kazi, na hakuna aliyewahi kunilaumu.

Mwaka ule maofisi yalikuwa yanapunguza watu. Wapiga taipu wetu wawili walikuwa wameshaaga. Mimi nilibakizwa kwa sababu Zadok, fundi wetu wa kompyuta, alimwambia mkuu wa ofisi, Mzee Shigela, kwamba barua za kwenye mashine nazo zinahitaji mtu wa masjala. Zadok alikuwa mtu wa Shirati, baba wa mapacha. Aliniandikia amri za mashine kwenye kadi, kwa herufi kubwa, ili nisihangaike na miwani yangu iliyochakaa. Hakusema ni kwa ajili ya miwani.

Kioo cha mashine kilikuwa cheusi. Ukiandika neno "tafuta" na jina la mtu, barua yake ilitokea. Lakini barua zilitoka Dar es Salaam kwa waya wa simu, na simu ilikatika kila mara. Ikikatika katikati ya barua, mashine ilihifadhi kipande ilichokipata. Simu ikirudi, barua ileile ililetwa upya tangu mwanzo, ikawa faili jingine lenye namba ileile. Mashine ilihesabu namba moja kuwa barua moja, kwa hiyo ukitafuta ilikuonyesha faili moja tu, lile lililotangulia.

"Haya ndiyo mafaili pacha," Zadok aliniambia. "Wangu wa nyumbani nawachanganya mpaka mama yao ananicheka. Haya usiyachanganye, Mama Maige. Fungua yote, soma mpaka chini, bakiza lililo kamili. La kwanza mara nyingi ni kipande."

"Nimesikia, baba."

Mwanzoni mwa Novemba mashine ilijaa, ikakataa kupokea barua. Zadok alikuwa anakwenda Sengerema kutengeneza redio ya zahanati, akaniachia kazi ya kusafisha. Mafaili pacha yalikuwa zaidi ya mia tatu. Nilifungua ishirini ya kwanza, nikasoma mpaka chini. Yote yalifanana neno kwa neno. Macho yakaanza kutoa machozi. Nikajiambia: ya kwanza ndiyo barua, zinazofuata ni nakala. Nikaandika amri ya kubakiza la kwanza la kila namba na kufuta mengine yote. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Zadok alipopiga simu kuuliza, nilimjibu, "Nimelinganisha yote."

"Yote? Mama, wewe ni mashine kuliko mashine!" Akacheka kwa furaha, nami nikacheka naye.

Kesho yake, Jumanne tarehe tatu, alikuja Dorcas. Alikuja kila Jumanne kwa miguu kutoka Ilemela, kuulizia barua ya binti yake. Mtoto aliitwa Faith, wa miaka sita, mwenye tundu kwenye moyo. Madaktari wageni walikuwa wanakuja Dar es Salaam kupasua watoto wachache, na Dorcas alikuwa ameomba nafasi tangu Machi.

Nikaandika "tafuta Faith". Barua ikatokea. Nikaichapa, nikampa kwa mikono miwili.

"Mtoto amekubaliwa," alisoma kwa sauti. "Afike Alhamisi tarehe kumi na tisa. Kabla ya safari ni lazima." Akageuza karatasi, nyuma kulikuwa kweupe. "Mama Maige, ni lazima nini? Haijaisha hii."

Nilielewa palepale. Ningeweza kusema, lakini Mzee Shigela alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, na mimi nilikuwa na miaka hamsini na minne.

"Madaktari ndivyo wanavyoandika," nikasema. "Wana haraka. Wametaka kusema ni lazima mjiandae."

"Basi tutajiandaa!" Dorcas akanikumbatia mbele ya mkuu wangu. Akafungua kanga yake akatoa maembe mawili, akaniwekea mezani, akaondoka akiimba.

Siku ile sikula. Nilijiambia nitamweleza Zadok akirudi. Alirudi Alhamisi na habari nyingi za Sengerema, nami nikamsikiliza tu. Ijumaa nikajiambia Jumatatu. Jumapili kanisani Dorcas alisimama kutoa shukrani, akataja na jina langu, watu wakanigeukia wakatabasamu. Nikaangalia miguu yangu mpaka wimbo ukaisha.

Jumatatu asubuhi nilimfuata Zadok kabla hajakaa.

"Sikulinganisha," nikamwambia. "Niliacha ya kwanza, nikafuta mengine. Barua ya Faith imekatika, na nilijua tangu Jumanne."

Hakunipandishia sauti, afadhali angepandisha. Alikaa, akamwandikia daktari wa Dar es Salaam kuomba barua iletwe tena. Jibu lilikuja mchana uleule, na simu haikukatika. Tulisoma pamoja: kabla ya safari ni lazima mtoto ang'olewe meno yote mabovu, na siku kumi na nne zipite, vidonda vipone, la sivyo hatapasuliwa.

Faith alikuwa na meno matatu mabovu. Zilibaki siku kumi. Ile Jumanne zilikuwa kumi na sita.

"Nitamwambia Dorcas simu ilikatika," Zadok akasema polepole. "Si uongo. Ilikatika kweli. Mzee Shigela hana haja ya kujua zaidi."

"Ahsante, baba. Lakini nitakwenda mwenyewe."

Nyumba yao ilikuwa juu, katikati ya mawe makubwa. Nilimkuta Faith njiani na ndoo ndogo, amechuchumaa apumzike, midomo imemgeuka rangi ya zambarau. Akasema, "Shikamoo bibi," kwa vipande viwili, pumzi katikati. Nikambeba mpaka juu.

Dorcas alifurahi kuniona. Akaniwekea kigoda, akataka kuchemsha chai. Nikamwomba asichemshe. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama.

"Nilikuuliza," akasema.

"Uliniuliza."

"Ukanijibu madaktari wana haraka."

"Nilijua si kweli, mwanangu."

"Usiniite mwanangu." Alimchukua Faith mikononi mwangu. Kisha akasimama pale, akitazama chini kuliko na ziwa, na mtoto akimchezea sikio. "Kumi na sita," akasema. "Ningemng'oa kesho yake tu. Ningemng'oa mwenyewe."

Nafasi ile alipewa mtoto mwingine. Nilimweleza Mzee Shigela nikitegemea kufukuzwa. Alinikemea sana, kisha akaandika yeye mwenyewe barua tatu kwenda Dar es Salaam kumwombea Faith nafasi nyingine. Kundi jipya la madaktari lilikuja mwezi wa tatu. Katika miezi ile minne Faith alizimia mara mbili, na mara ya pili alilazwa siku tisa. Nililala naye wodini siku nne, mama yake apate kupumzika. Dorcas alinipisha kwenye kitanda bila kunisalimia. Asubuhi ya tatu nilikuta ameniachia uji kwenye chupa ya chai, umefunikwa vizuri. Nilishindwa kuunywa kwa muda mrefu.

Barua ya pili ilipofika, ilikuwa na mafaili manne. Nilifungua yote, nikasoma mpaka chini kwa kidole, kisha nikaanza tena. Dorcas alikaa mbele yangu akingoja.

Faith alipasuliwa akapona. Sasa ni mama wa watoto wawili, na akinikuta sokoni hunisalimia kwa heshima, hunibebea kikapu. Hajui; siku ile mikononi mwangu alikuwa mdogo mno kuelewa. Mama yake hakumwambia, na hakuwahi kuniambia kwa nini.