Magoti ya Mwaja

Jicho la kushoto la Mwaja lilichukuliwa na ndui angali mtoto wa kutambaa. Kwa hiyo siku kipande cha tete kiliporuka na kumchoma jicho la kulia, hakuna aliyehitaji kuelezwa ukubwa wa msiba. Alikuwa uani, nyuma ya duka la mumewe pale Songambele, akipasua matete ya kusukia ungo. Alipiga ukelele mmoja tu. Othman alipotoka mbio alimkuta amekaa chini, kiganja usoni, akisema kwa sauti ndogo, "Usinishike. Usinishike kwanza."

Mwaka huo Wadachi walikuwa wamepiga mahema Kaisho kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na mle mahemani alikuwamo daktari. Majirani wanne wakambeba Mwaja kwa machela tangu asubuhi hadi jua la utosi. Othman alitembea ubavuni mwake, akimfukuzia nzi kwa kilemba chake na kumwambia maneno ambayo baadaye hakuyakumbuka hata moja.

Daktari hakujua Kiswahili cha kutosha, ila alikuwa na msaidizi, Abdallah, mtu wa Bagamoyo mwenye ulimi mkali na mikono mepesi. Abdallah alimdondoshea Mwaja dawa mpaka jicho likafa ganzi. Kisha akamweka Othman ashike kichwa. Othman aliona yote. Aliona nyama nyeusi ya ndani ya jicho imechungulia nje ya kidonda, kama mtu achunguliavyo mlangoni. Daktari akaikata kwa mkasi mdogo, akavuta ngozi laini ya weupe wa jicho akafunika tundu, akashona kwa uzi wa hariri mwembamba kuliko unywele. Jasho lilimtiririka Mdachi yule hadi ndevuni. Mwaja hakutikisika.

"Mkeo ana bahati ya mtende," Abdallah alisema walipokwisha kumfunga kitambaa macho yote mawili, maana jicho moja likicheza na la pili hucheza. "Sasa sikiliza. Siku ishirini na moja alale chali. Asikohoe kwa nguvu, asibebe hata kibuyu cha maji. Sala asali kwa ishara hukohuko kitandani, Mungu hana haraka naye. Na asiiname. Kidonda kimeshikwa na uzi, hakikushikwa na mfupa. Akiinamisha kichwa kitafumuka, na kikifumuka hakuna wa kukirudisha, si mimi wala huyu bwana mkubwa."

"Nimesikia," Othman alisema.

"Sitaki usikie. Nataka urudie."

Othman akarudia yote, neno kwa neno, kama mtoto wa chuoni mbele ya mwalimu wake.

Nyumbani Mwaja aliomba kamba ya mgomba, na kila alfajiri, jogoo wakiwika, alipiga fundo moja. Othman alifunga duka. Alipika ndizi zikaungua, akapika tena zikawa mbichi katikati, majirani wakaja kumcheka kwa zamu. Alimlisha mkewe kwa mkono wake. Watu wa pwani tunasemwa kwamba tunapenda mno wake zetu, na mimi sioni aibu kusema kwamba huyu alimpenda wake.

Siku ya kumi na moja Abdallah alipita akiwa njiani na mizigo ya dawa. Akakaa kitandani, akafungua kitambaa taratibu, akasafisha, akasema, "Tazama mbele. Unaona nini?"

Mwaja alipepesa jicho. Mwishowe akasema, "Naona ukungu. Na ndani ya ukungu naona mwanamume mzee mwenye mvi kidevuni."

"Huyo ni mumeo."

"Mume wangu hana mvi. Hizi kaziota kwa kupika."

Abdallah alimkataza asicheke, na yeye mwenyewe akacheka, kisha akamfunga tena kitambaa. Othman alitoka nje akasimama nyuma ya mibuni, akalia kwa furaha mpaka kilemba kikalowa. Kwa muda wa siku saba zilizofuata Othman alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote katika Karagwe nzima, na ninalisema hili ili ujue alianguka kutoka wapi.

Sasa lazima nikwambie habari za Mzee Rutinwa wa Ihembe, babake Mwaja. Kwao, binti hamsalimii baba yake amesimama. Hupiga magoti, akainama mpaka viganja viguse chini, akakaa hivyo hadi baba amalize kumuuliza hali yake, ya mume, ya mifugo na ya shamba. Othman alipokwenda kuposa, Rutinwa alimtazama kanzu yake na kofia yake, akatamka mbele ya ukoo wote: "Mswahili, utamfundisha binti yangu kusahau magoti." Binti akaolewa vivyo hivyo. Mzee hakukanyaga Songambele miaka miwili, na hata jina jipya alilopewa bintiye aliposilimu hakulitia kinywani. Mwaja hakulalamika, ila mara moja, akipapasa mafundo yake, alisema, "Kamba hii ikiisha, wa kwanza kumwendea ni baba. Nataka nimtazame usoni."

Basi Othman, kwa mapenzi yake, akatuma mtu Ihembe: bintiyo anaumwa jicho, tunakuomba. Hakuongeza habari za kulala chali. Aliona mengine watazungumza mzee akifika, tena hakutumaini kwamba atafika.

Alifika. Siku ya kumi na nane, saa za asubuhi, Rutinwa alisimama uani na fimbo yake ndefu, vumbi la siku mbili miguuni. Othman alitoka mbio.

"Shikamoo, baba! Karibu, karibu! Mgeni njoo mwenyeji apone!"

"Yuko wapi Kokugonza?" mzee aliuliza. Ndilo jina alilompa yeye.

Ndani, Mwaja alikwisha kusikia sauti ile. Othman alipoingia na mgeni wake alimkuta amekwisha kuinuka, ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu chini, uso umefungwa kitambaa, umewaelekea. Mzee akasimama katikati ya chumba. Alikuwa akingoja.

Othman alijua. Asije mtu akaniambia kwamba hakujua, au kwamba alisahau. Maneno ya Abdallah yalimjia yote mdomoni, yamepangwa kama alivyoyarudia. Ilimpasa aseme moja tu: lala. Lakini alimwona mzee ameshika fimbo, akaisikia sauti ya siku ile ya posa, akawaza: miaka miwili, na ndiyo kwanza ameingia kwangu. Nikimzuia binti yake magoti leo, nitakuwa nimekuwa yuleyule aliyemtabiri. Akawaza pia: mara moja tu. Zimebaki siku tatu, uzi umekwisha kushika.

Alifumba mdomo.

Mwaja akateremka. Akapiga magoti juu ya mkeka, akainama mpaka viganja vikagusa chini, akasema kwa lugha ya kwao, "Tata," yaani baba. Mzee akamuuliza hali yake. Akamuuliza hali ya mume. Akauliza mifugo, akauliza ndizi, akauliza kahawa imezaaje, pole pole, kwa sauti iliyoanza kukwaruza, maana na yeye alikuwa na miaka miwili ya kuulizia. Mwaja alijibu yote kichwa kikiwa chini. Othman alisimama mlangoni akihesabu maswali.

Mzee alipewa buni za kutafuna, akala, akacheka, akaondoka jua likielekea kupinduka apate kulala kwa ndugu yake njiani. Mwaja alingoja mpaka hatua za baba yake zipotee.

"Othman," akaita. "Kitambaa kimelowa. Ni vuguvugu."

Wale majirani wanne wakabeba tena. Kule Kaisho Abdallah alifungua kitambaa, akaangalia, akafunga tena upesi. Hakuwa na ukali tena. "Ya ndani ya jicho yote yamekwisha kutoka," alimwambia Othman pembeni. "Hapa hakuna tena cha kushonwa. Aliinama?" Othman alitikisa kichwa kukubali. Abdallah alimtazama, kisha akaenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu sana.

Husemwa majuto ni mjukuu, huja baadaye. Kwa Othman hayakungoja hata usiku uingie.

Mzee Rutinwa aliambiwa kwamba tete ndilo lililomaliza jicho, na hakuna aliyemwongezea. Baada ya mavuno ya maharage alikuja tena, safari hii akiswaga mtamba, akasimama mbele ya duka na majirani wote wakisikia. "Niliambiwa Mswahili ataniharibia mtoto," alisema. "Nilikuja nikamkuta mgonjwa, amefungwa macho, na bado akateremka kitandani akanipigia magoti. Huyu ndiye mkwe." Akamkabidhi Othman kamba ya mtamba. Mwaja alikuwa amepiga magoti pembeni, uso umeelekea kidogo upande usio na mtu. Othman alipokea kamba kwa mikono miwili, akashukuru kama ipasavyo, na majirani wakapiga vigelegele.

Mzee alipoondoka, Mwaja akauliza, "Ana rangi gani?"

"Mwekundu. Ana baka jeupe pajani."

"Siku ile," Mwaja alisema, "nilikaa kwanza ukingoni mwa kitanda. Uliniona?"

"Nilikuona."

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Mume akimwambia mgonjwa wake alale, kwetu hakuna baba wa kupinga. Asingechukia. Nilisubiri mpaka nikadhani umetoka nje."

"Nilikuwapo."

"Najua. Nilisikia unavyopumua."

Mwaja akanyoosha mkono hewani, akautafuta mkono wa Othman, akaupata pale uliposhika kamba.

"Nipeleke basi," akasema, "nikamshike ng'ombe wa baba."

Akampeleka.