Vitu Vilivyoandikwa Pancras

Maneno ya ukutani niliyaandika mwenyewe, kwa brashi na rangi nyekundu, nikiwa na hasira zangu: SIKU SABA BURE. BAADA YA HAPO KILA KITU SHILINGI 500 KWA SIKU. ANAYELIPA STOO NDIYE ANAYECHUKUA.

Msinilaumu. Kazi yangu hapa Ngara mjini ni kusafisha vitu vilivyonusurika moto au mafuriko, na watu walishaigeuza stoo yangu kuwa chumba cha wageni. Bwana mmoja aliniachia mazulia miezi minne. Nikimpigia simu ananiambia, "Dada Verediana, si yapo salama lakini?" Salama kwako! Kodi ya stoo nalipa mimi.

Basi mwezi wa tatu nyumba ya Pancras kule Nyamiaga ikaungua. Betri ya sola ilishika moto, Pancras akarudi ndani kuokoa vitu, akatolewa hajitambui. Kesho yake mkewe, Genoveva, akaniletea vilivyobaki, vitu sita vyeusi kwa masizi: sofa mbili, kabati, godoro, meza, na cherehani ya miguu. Ile cherehani ilikuwa yake. Aliinunua kwa pesa ya maharage yake mwenyewe, misimu mitatu, na ndiyo iliyokuwa ikiwalisha watoto.

Nikafungua daftari. "Niandike jina la nani, mama?"

"Andika Pancras."

"Lakini umeleta wewe. Na cherehani ni yako."

Alinitazama kama nimemtukana. "Mume wangu yuko hospitali, halafu mimi nianze kuandikisha vitu kwa jina langu? Watu watasema nimeshamzika. Na akipona, nimwambie nini?"

Na mimi, mjinga mwenzake, nikaona hiyo ndiyo adabu. Kwetu mke hajitangulizi mume akiwa kitandani. Nikaandika: Mali ya Pancras, vitu sita.

Siku ya tatu Pancras akafariki.

Ukoo wao wana mila yao: mjane hatoki uwanjani mpaka matanga yaondolewe, na siku ya kuondoa matanga wanaipanga wakubwa wa ukoo. Sokoni haendi, mjini haji. Nilikwenda kuzika, nikarudi kazini. Cherehani niliifungua yote, nikaiosha kwa mafuta ya taa, skrubu kwa skrubu, nikabadilisha mkanda, nikaijaribu kwenye kipande cha kitenge. Ikashona vizuri kabisa.

Siku ya kumi na tano akaja Rozina, jirani yake. "Genoveva anaomba cherehani tu. Vingine vikae. Atashonea palepale uwanjani, watoto wana njaa."

"Katuma pesa?"

"Atalipa akishona."

"Rozina, soma ukuta."

Akausoma, tena kwa sauti kubwa, kunikera. Nikamwambia nikianza kutoa kimoja kimoja kwa huruma, kesho mji mzima utaniletea misiba. Ndivyo nilivyosema kwa mdomo wangu huu, Mungu anisamehe.

Siku ya ishirini na saba akafika Erasmus, mdogo wake Pancras, na kirikuu, kile kigari cha mizigo, kutoka Lusahunga, anakofanya biashara na madereva wa malori. Angekuja na matusi ningemweza. Alikuja mpole. "Shikamoo, dada." Akasoma ukuta, akapiga hesabu: siku ishirini, vitu sita, elfu sitini. Akaziweka mezani.

"Cherehani ni ya shemeji yako," nikasema.

"Imeandikwa jina la nani?"

Nikalifunika daftari kwa kiganja.

"Dada, sijaja kugombana. Vitu vya marehemu vinarudi kwenye ukoo, vitagawiwa huko. Kama ni yake, atapewa."

"Atapewa lini? Na nani?" Nikafunga mlango wa stoo nikakaa kizingitini, mtu mzima mimi na heshima zangu. Kumpigia Genoveva nisingeweza, simu yake iliungua na nyumba. Erasmus hakunigusa. Alikwenda kumwita mwenyekiti wa kitongoji, naye akaomba daftari. Akalisoma mara mbili.

"Verediana, huu mwandiko ni wako?"

"Ni wangu."

"Na ule wa ukutani?"

"Wangu pia."

"Sasa mimi nifanyeje, mama?"

Nikainuka. Wakapakia sofa, kabati, meza, godoro, na mwisho cherehani, wakailaza juu ya godoro. Nikaishika mguu mmoja, nikang'ang'ania, mpaka Erasmus akasema taratibu, "Dada, achia." Nikaachia.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Yangu ilikuwa na daftari, ikapotea hivyohivyo, na habari ninayo yote.

Sikwenda kumwambia Genoveva. Niliogopa, nasema kweli. Kila siku nilijidanganya kwamba Erasmus ataona haya, atairudisha.

Siku ya arobaini akaja mwenyewe, kwa miguu, kichwa kimenyolewa. Matanga yalikuwa yameondolewa jana yake. Akafungua fundo la kitenge, akaniwekea pesa mezani, noti chakavu na sarafu.

"Jumuiya ya kanisani wamenichangia," akasema. "Nimehesabu siku zote, hata Jumapili. Elfu tisini na tisa. Zihesabu."

Nikamweleza yote, mpaka ule mguu niliouachia. Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi. Nikamwambia twende baraza la kata, nitasimama, nitaapa kwamba cherehani ni yake.

"Tukaonyeshe nini?" akauliza. "Daftari lako?"

Akaanza kuzirudisha pesa kwenye fundo, noti moja moja, akikunjua zilizojikunja. Nilitamani anitukane. Alipofika mlangoni akageuka.

"Cherehani uliisafisha?"

"Niliisafisha."

"Inashona?"

"Inashona vizuri, mama. Haina hata kelele."

Akatikisa kichwa polepole. "Afadhali," akasema. "Mke wa Erasmus ndiyo kwanza anajifunza kushona."