Kumkum Kwenye Bomba la Tanuri

Mimi ndiye niliyepaka ule unga mwekundu kwenye bomba la tanuri, wala sioni aibu kulisema. Siku ya Khande Navami, sikukuu ya kuheshimu vyombo vya kazi hapa Pune, India, kila chombo hupakwa kumkum, ndio unga huo, na kuvishwa maua, iwe pikipiki au mizani ya maabara. Profesa Deodhar, msimamizi wangu, alinikabidhi sahani ya kumkum kwa kuwa nilikuwa mwanamke pekee kwenye kundi lake. Nikapaka mpaka ndani ya mdomo wa bomba, tukaenda zetu nyumbani.

Baada ya sikukuu nikachoma grafini humo. Karatasi zile za kaboni, nyembamba hata jicho halizioni, zilivunja oksijeni kwenye elektrodi kwa kasi ya platinamu, ile metali ya bei ghali. Profesa akatangaza kwamba ni kaboni tupu, haina chembe ya metali. Makala ikachapishwa, naye akaanza kualikwa huku na huku.

Shida ilikuja nilipoambiwa niirudie kazi hiyo kwa ajili ya tasnifu yangu. Mara kumi na moja nilichoma, mara kumi na moja grafini ikatoka imekufa. Profesa akasema mbele ya wenzangu kwamba siku hizi mkono wangu mzito, labda nawaza harusi. Nililia chooni. Kisha nikakasirika, na hasira ndiyo iliyonisaidia. Nilifungua daftari nikatazama tarehe: ile grafini ya kwanza niliichoma mara tu baada ya sikukuu. Halafu nikaipima kumkum yetu ya bei poa. Wekundu wake ulikuwa oksidi ya chuma. Nikatia punje moja tu kwenye bomba, grafini ikafufuka. Sampuli ile ya kwanza nayo ilikuwa na chuma, sehemu hamsini kwa milioni. Nilipokifunga chuma hicho kwa dawa, kazi ilikoma papo hapo.

Nikampelekea Profesa. Alisoma kurasa zote, akavua miwani.

"Mrunal, umesota hapa miaka sita," akasema. "Unataka kuitupa yote kwa uchafu usiojaa hata kwenye ukucha?"

"Uchafu huo ndio unaofanya kazi, Mwalimu. Kaboni imeubeba tu."

"Siku ya kutetea tasnifu utaonyesha yaliyo kwenye makala. Ukionyesha haya, saini yangu usiitarajie."

Sikulala vizuri wiki nzima, sitadanganya. Lakini kila nilipofikiria kusimama na kusema kaboni tupu, nililifungua tena daftari. Siku ilipofika nilionyesha yote: tarehe, kumkum, kile chuma, na jina langu kama aliyepaka. Mtahini kutoka nje aliniuliza kama nina hakika, nikamwonyesha grafu tatu nyingine. Akaitikia kwa kichwa, akaandika. Mwenyekiti akamgeukia Profesa na karatasi ya kutia saini.

"Sitii saini," Profesa akasema.

"Basi nitangoja," nikasema. "Chuma hakitatoka humo kwa kukosa saini."

Hapo mama yangu, aliyekuja kunisikiliza, akainuka kutoka mstari wa pili. Hajui kaboni wala oksijeni, ila alikuwa amesikiliza tangu mwanzo. Akafungua boksi la pedhe, vitamu vya maziwa alivyonunua kwa ajili ya kusherehekea, akaanza kugawa bila kuuliza mtu. Alianza na Profesa.

"Chukua, Mwalimu," akamwambia. "Binti yangu amemaliza."