Omena za Kware

Monicah alikuwa akiwaonea wivu ndege. Cheka ukitaka, lakini wewe pia ungekaa nyuma ya mume wako na mimba ya miezi minne asiyoiona, huku yeye amepiga magoti mbele ya vizimba akiwauliza kware kama wameshiba, tungeona kama ungecheka.

Hakumwambia. Aliapa kwamba mumewe Ngatia ataiona mwenyewe, kwa macho yaleyale yaliyoona kware mmoja amenyonyoka unyoya kati ya mamia. Akaanza kuvaa sweta ya kubana na kupitapita mbele yake na ndoo.

"Hiyo maji ni ya leo?" Ngatia akamuuliza. "Hawa hawataki maji imelala."

Na walivyolishwa! Chakula cha kuku wa mayai Ngatia alikiona hafifu, ati kware anayetaga kila siku anataka chenye nguvu zaidi. Akakiongezea soya na omena, wale dagaa wakavu, na chokaa kidogo ganda la yai liwe gumu. Vyote vitwangwe laini, maana midomo yao ni midogo. Na anayetwanga ni nani? Ni Monicah huyohuyo, ambaye jikoni kwake Gatitu palikuwa na ugali na sukuma wiki, jana, leo na kesho. Mayai yenyewe hakuyaonja, yalikuwa ya hoteli ya mjini. Jamani, mtu atavumilia mpaka lini?

Nesi wa kliniki ndiye aliyemmaliza uvumilivu. Alimwambia damu yake iko chini, ale samaki, ale nyama. Monicah akarudi nyumbani, akakalia kigoda, na badala ya kutwanga omena akazikaanga na nyanya, akala peke yake. Kwenye chakula cha kware akatia pumba za mahindi. Kesho yake akafanya vilevile, na hakujuta hata chembe.

Mayai yakapungua. Hilo Ngatia aliliona mara moja. Chakula kikamshinda mdomoni, akanusa magunia, akawapigia simu wafugaji wenzake. Jioni moja akaanza kuwatoa kware kizimbani mmoja mmoja, akimpapasa kila mmoja tumbo kwa kidole, taratibu, huku akimnong'oneza. Monicah aliona kile kidole. Akaenda jikoni, akarudi na sufuria ya omena, akasimama mbele yake akitafuna.

"Ni mimi," akasema. "Hao nimekuwa nikiwapea pumba. Omena nimekula mimi. Niko na mimba, Ngatia, ya miezi minne, na kliniki wanasema damu haitoshi."

Ngatia akamtazama, akaitazama sufuria. Uso uliokuwa umekunjamana wiki nzima ukafunguka kwa furaha. Monicah akasogea karibu.

"Kumbe kware si wagonjwa," Ngatia akasema. "Nilikuwa nimeogopa sana."

Alipong'amua alichosema, sufuria ilikuwa chini, na Monicah alikuwa chumbani akimwambia mamake kule Othaya kwenye simu atandike kitanda, anakuja. Ngatia akasimama mlangoni akamwita. Akamwita tena, lakini kwa sauti ya chini, kwa sababu kware hutaga jioni na kelele huwashtua.